Matengenezo ya semi za dizeli kati ya Tabora na Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya madereva, mautingo na wenye magari wanaopita Nzega, Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza hadi Kigoma, pamoja na wanaoingia mashambani kubeba tumbaku, mahindi na mbao. Yanahusu magari makubwa ya dizeli yenye breki za upepo: Scania, Volvo, DAF, Actros, Howo na mengine ya aina hiyo. Pale ambapo kitabu cha gari lako kinasema tofauti, fuata kitabu.

## Mambo ya msingi

1. Kila asubuhi nikague nini kabla ya kuwasha?

Anza na ardhi lilipolala gari. Tone jeusi ni oili, tone lenye harufu ya dizeli ni dizeli, na maji yenye rangi ya kijani, nyekundu au bluu ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Ukiona tone, tafuta linakotoka kabla hujafanya kitu kingine.

Kisha pima oili, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa. Tazama kiwango cha maji kwenye tangi la akiba, mikanda na mipira ya maji. Fungua koki ya chini ya filta ya dizeli utoe maji, na umwage maji ya matangi ya upepo. Zunguka gari lote, kichwa na tela: tairi, nati, springi, taa, kingpini (pini ya tela inayoshika kichwa) na kufuli lake. Robo saa inatosha, na utingo aliyefundishwa vizuri anaifanya peke yake.

Jambo moja linalopuuzwa: oili ikizidi kiwango bila mtu kuongeza, usiwashe. Kuna dizeli au maji yanayoingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na oili iliyochanganyika hivyo inaua beringi za kranki.

2. Oili ya injini ibadilishwe kila baada ya kilomita ngapi?

Vitabu vya magari ya Ulaya hutaja umbali mrefu, lakini vilipangwa kwa lami, hewa safi na oili ya daraja la juu. Kwa gari linalobeba mzigo mzito na kuingia njia za vumbi za Sikonge au Kaliua, ushauri wetu ni kila kilomita 10,000, pamoja na filta zote za oili na za dizeli. Gari la lami tupu linaweza kufika 15,000.

Usihesabu kilomita peke yake. Gari linalounguruma saa nyingi kwenye foleni ya kupakia linachafua oili ingawa geji ya kilomita haisogei. Ukiona limekaa sana likiunguruma, leta sevisi mbele.

Injini nyingi za ukubwa huu zinameza lita 30 hadi 40. Ni hela nyingi, ndiyo maana watu huivuta oili mpaka iwe uji. Lakini ovaholi moja inameza bei ya sevisi nyingi sana.

3. Niweke oili ipi?

Kwa injini nyingi zilizopo huku, 15W-40 yenye daraja la API CI-4 au la juu yake inafaa. Magari mapya yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi yanahitaji oili ya majivu machache, na hapo kitabu ndicho kinachoamua. Nunua dumu lililofungwa kwa lakiri na ulifungue mwenyewe. Oili ya kupimiwa kwa chupa usiiamini kwenye injini yenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini).

4. Kwa nini nisubiri kabla ya kuzima injini?

Kwa sababu ya tabo. Shafti yake inazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na inalainishwa na oili inayosukumwa na injini. Ukizima mara tu baada ya kupanda mlima na mzigo, oili inakatika huku shafti bado ya moto, na oili iliyobaki inaungua na kuganda kwenye beringi. Acha injini ingurume taratibu dakika tatu hadi tano. Asubuhi nayo usikanyage mafuta mara tu inapowaka. Ngoja geji ya oili ipande.

## Vumbi, dizeli na maji

5. Filta ya hewa naweza kuipuliza na kuirudisha?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote kuanzia Juni, mvua zikishakatika na vumbi likianza kupanda.

Filta ya nje, kama kitabu kinaruhusu na kama huna mpya, ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ukiipuliza kwa nguvu zote za kompresa unatoboa karatasi matundu ambayo jicho halioni. Ukiipigapiga kwenye tairi unapinda ukingo, na ukingo uliopinda hauzibi. Baada ya kupuliza, ingiza tochi ndani ukiwa kivulini. Ukiona nukta ya mwanga nje, itupe. Filta ndogo ya ndani haipulizwi wala haioshwi kamwe. Inabadilishwa.

Sasa fanya kipimo hiki, kwa sababu kinasema kweli kuliko filta yenyewe. Fungua mpira unaotoka kwenye nyumba ya filta kwenda kwenye tabo, kisha pitisha kidole ukutani kwa ndani. Kidole kitoke kisafi, au na utando mwembamba wa mafuta. Kikitoka na vumbi jekundu, hewa chafu inapita: klipu imelegea, mpira umepasuka upande wa chini usioonekana, au filta haikukaa sawa. Hata ukiweka filta mpya siku hiyo, injini itaendelea kula mchanga mpaka uzibe tundu hilo.

Vumbi hilo linasaga ringi za pistoni na slivu (kuta za ndani za silinda). Dalili hufuata kwa mpangilio: gari linaanza kunywa oili, moshi unatoka kwa nguvu kwenye bomba la kupumulia la injini, kuwaka asubuhi kunakuwa kwa taabu, nguvu inapungua. Likifika hapo, hakuna filta inayorudisha kilicholiwa.

6. Gari limeingia hewa kwenye dizeli. Nafanyaje porini?

Kwanza jua hewa imeingiaje. Sababu za kawaida ni tangi kuisha, filta kufungwa bila kukaza vizuri, au bomba la kuvutia kupasuka kati ya tangi na pampu. Bomba hili linavuta, kwa hiyo mara nyingi halidondoshi dizeli. Linanyonya hewa kimyakimya.

Hakikisha dizeli ipo ya kutosha. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza skrubu huku ukiendelea kupiga. Halafu piga stata kwa sekunde zisizozidi 15, pumzika dakika nzima, rudia. Stata nyingi zinaungua kwa ajili ya hewa ambayo ingetolewa kwa mkono.

Onyo: kwenye injini za kisasa usilegeze mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozo (vinyunyizio vya dizeli) huku injini inazunguka. Presha yake inazidi baa 1,000 na dizeli inatoboa ngozi. Mtu aliyepigwa na dizeli hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

7. Dizeli ya madumu ina ubaya gani?

Maji, kutu na mchanga, na wakati mwingine mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu na nozo zinalainishwa na dizeli yenyewe. Ikibidi kununua ya dumu, liache litulie, mimina kwa chujio, na robo ya mwisho ya dumu usiimimine. Maji ya filta yatoe mara mbili kwa siku mpaka ujaze tena kituoni. Kulala na tangi lililojaa pia kunasaidia, kwani tangi tupu hufanya ukungu wa maji ndani usiku wa baridi.

8. Gari linachemsha. Nifanye nini?

Kama sindano inapanda lakini maji bado yapo, ondoka barabarani, toa mzigo kwa kuweka gia huru, acha injini izunguke juu kidogo ya kawaida na ufungue hita ya kebini. Kama maji yamemwagika au mvuke unatoka, zima mara moja.

Mfuniko usiuguse mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya rejeta yanazuiwa yasichemke na presha ya mfuniko tu. Ukiufungua presha inaondoka, na maji ya moto yanaruka pamoja na mvuke usoni kwako. Wala usimimine maji baridi kwenye injini ya moto. Silinda hedi inapasuka.

Ikishapoa, tafuta sababu kuanzia ya bei rahisi. Mara nyingi ni mapezi ya rejeta kuzibwa na vumbi, makapi na wadudu, hasa katikati ya rejeta na kipozea hewa kilicho mbele yake, mahali ambapo ukitazama kwa nje tu huoni kitu. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa feni. Kisha angalia mkanda, feni, mipira, themostati na wata pampu. Mwisho kabisa ni gasketi ya hedi: tangi la akiba linatoa mapovu injini ikiwaka, au mipira inakuwa migumu wakati injini bado baridi.

Kutoa themostati na kuendelea na safari si matengenezo. Injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula dizeli na kuchakaa. Tena kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, kwa hiyo ukiitoa gari linachemsha zaidi.

9. Maji ya kisima yanafaa kwenye rejeta?

Kukufikisha gereji, ndiyo. Kukaa nayo, hapana. Maji ya chumvichumvi yanaacha magamba, na maji matupu ya aina yoyote yanaruhusu mapovu madogo kula slivu kwa nje mpaka zinatoboka na maji kuingia kwenye oili. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko ya kisima.

## Moshi na nguvu

10. Rangi ya moshi inasema nini?

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: filta ya hewa, mpira wa tabo uliopasuka, au nozo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ama kupitia tabo ama ringi. Moshi mweupe asubuhi ukiisha baada ya muda si tatizo. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, nusa. Ukichoma macho na kunuka dizeli, ni nozo au mgandamizo mdogo. Ukiwa na harufu tamu na maji yanapungua, rudi swali la 8.

11. Nguvu imepotea ghafla njiani. Nianzie wapi?

Sikiliza. Mlio wa upepo unaovuja unapokanyaga mafuta ni mpira wa tabo uliochomoka au klipu iliyokatika, na unafungwa kwa bisibisi. Kama hakuna mlio, badili filta ya dizeli, kisha angalia filta ya hewa kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5. Taa ya injini ikiwaka, soma namba ya kosa kabla ya kununua spea. Kubadilisha vitu kwa kubahatisha ndiko kunakomaliza hela za wenye magari.

## Breki

12. Upepo haujai, au breki zimeganda zenyewe. Tatizo nini?

Breki za maegesho zinashikwa na springi na kuachiwa na upepo. Upepo ukipungua, springi inashika. Kwa hiyo gari kuganda njiani si ubovu wa breki. Breki imefanya kazi yake, na ubovu uko kwenye upepo unaovuja.

Zima injini matangi yakiwa yamejaa, weka vizuizi kwenye matairi, achia breki ya maegesho, mtu akanyage pedali na kuishikilia. Baada ya mshuko wa kwanza, sindano ya kichwa na tela pamoja isishuke zaidi ya psi 4 kwa dakika. Ikishuka zaidi, pita na maji ya sabuni kwenye maungio, mipira ya tela na busta (chemba za breki). Kama hakuna uvujaji na bado haujai, shughulika na kompresa. Ukimwaga matangi yakatoa oili badala ya maji, kompresa imechoka.

13. Naweza kufungua busta mwenyewe nibadilishe springi?

Hapana. Ndani ya busta ya maegesho kuna springi iliyogandamizwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Ukikata au kufungua ule mkanda wa chuma, mfuniko unaruka kama risasi. Badilisha busta nzima, na kabla ya kuishusha funga springi kwa ile bolti ndefu inayokuja nayo.

14. Breki zinachoka kwenye mteremko. Nirekebishe slaki ajasta?

Slaki ajasta ni vikono vinavyorekebisha nafasi kati ya brekishuu na dramu. Kama ni za kujirekebisha zenyewe na zimelegea, kuzikaza kwa spana kunaficha ugonjwa: bushi, pini au ajasta yenyewe imekufa. Zikazwe kwa mkono zile za zamani tu.

Ila mara nyingi tatizo ni jinsi ya kushuka. Mlima Sekenke, na miteremko ya upande wa Kasulu na Manyovu, inataka gia ndogo iwekwe kabla ya kuanza kushuka na breki ya injini ifanye kazi. Dramu likipata moto linatanuka na kukimbia brekishuu. Pedali inaendelea kushuka na gari halisimami. Ukishanusa harufu ya kuungua, simama mapema ungali unaweza. Kutoa gia ili kuokoa dizeli mteremkoni kumeua watu, na hakuna tajiri (mwenye gari) anayepaswa kumsifu dereva kwa hilo.

## Tairi, springi na mzigo

15. Tairi nijaze upepo kiasi gani?

Kwa 315/80R22.5 na 12R22.5 zenye mzigo, kati ya psi 115 na 130, kwa kufuata kilichoandikwa ubavuni. Pima asubuhi zikiwa baridi. Usipunguze upepo wa tairi ya moto. Kupanda kwa presha njiani ni kawaida.

Kwenye tairi zilizokaa mbilimbili, ya ndani ndiyo inayosahauliwa. Ikipungua, mwenzake anabeba yote, zinapata moto na zinaweza kuwaka. Toa mawe yaliyobanwa katikati yake kila unapotoka changarawe.

Tairi iliyotembea bila upepo usiijaze tena kabla fundi hajaikagua ndani. Nyaya za ubavuni zikishakatika inapasuka wakati wa kujazwa. Rimu za inchi 20 zenye ringi zijazwe ndani ya kizimba cha chuma au, kikikosekana, zifungwe minyororo na mtu akae pembeni.

16. Nitajuaje nati zimelegea?

Tafuta mstari wa kutu unaotoka kwenye nati kwenda nje, kama mshale mdogo wa kahawia kwenye rimu. Chuma kinasuguana hapo. Kila ukifungua gurudumu, kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Uso wa rimu uwe safi, bila rangi nene wala grisi.

17. Springi zinakatika kila safari. Ni za bei rahisi?

Huenda, lakini angalia kwanza yuubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Zikilegea, senta bolti inayoshika majani ya springi inakatika na majani yanafuata. Halafu angalia mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka mwisho wa tani 56 kwa gari lote, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado ekseli moja ikazidi kwa sababu ya upangaji. Springi inalalamika kabla ya mzani.

## Umeme

18. Asubuhi linapiga "ta ta ta" na haliwaki. Betri imekufa?

Pima kwanza. Betri mbili za volti 12 zilizounganishwa zikipumzika ziwe juu ya volti 25; injini ikiwaka ziwe 27.5 hadi 28.5. Zikiwa nzuri, safisha vichwa vya betri na waya wa ethi unaofungwa kwenye chesi. Waya huo ukiota kutu, gari linafanana kabisa na lenye betri mbovu. Ukibadilisha, badili zote mbili kwa pamoja.

19. Nataka kuchomelea chesi. Kuna tahadhari?

Chomoa betri na soketi za kompyuta ya injini. Ethi ya mashine ifungwe karibu kabisa na unapochomelea. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye beringi au kompyuta, unaharibu kitu cha bei kubwa kwa kuziba ufa mdogo.

## Mambo yasiyo ya kila siku

20. Tajiri hataki kutoa hela ya sevisi. Nifanyeje?

Andika. Tarehe, kilomita, ulichoona, ulichoomba. Tuma picha ya kitu chenyewe: jani lililokatika, oili yenye rangi ya maziwa. Matajiri wengi wanakataa maneno ya simu lakini wanakubali picha. Kama ni breki, usukani, tairi au kingpini, usiondoe gari. Leseni ni yako na maisha ni ya wengi.

21. Tunabeba chumvi ya Uvinza. Kuna uangalizi wa ziada?

Ndiyo, mkubwa. Chumvi iliyomwagika inavuta unyevu na kula chuma hata kiangazi. Osha chesi ya tela kwa maji mengi kila baada ya kushusha, hasa juu ya maungio, soketi za taa na maungio ya mabomba ya upepo. Kisha piga grisi niposi zote (matundu ya kupigia grisi), mpaka grisi ya zamani itoke.

22. Gari lilipita kwenye maji ya mafuriko. Nikague nini?

Kama maji yalifika habu, fungua bolti ya difu na ya giaboksi uone oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, mwaga yote. Difu la moto likiingia maji baridi linanyonya kupitia tundu lake la kupumulia. Piga grisi kingpini na propela, na ukague beringi za habu. Injini ikizima ndani ya maji usiipige stata kabisa. Maji ndani ya silinda yanapinda fimbo za pistoni.

23. Gari limekaa wiki kadhaa likisubiri mzigo bandarini Kigoma. Niliamsheje?

Pima betri, jaza tairi, toa maji ya dizeli. Brekishuu zikishikana na dramu kwa kutu, usilazimishe kwa kuvuta kwa nguvu. Jaza upepo kamili, achia breki, gonga dramu kwa nyundo. Wakati mwingine likikaa hivyo, chomoa betri siku ya kwanza.

24. AdBlue imeisha. Naweza kuchanganya urea ya mbolea na maji?

Usifanye. AdBlue, ile inayonyunyizwa kwenye ekzosi kusafisha moshi, ni urea safi asilimia 32.5 na maji yaliyosafishwa. Mbolea ya dukani ina uchafu unaoziba pampu na kuua kichocheo kwenye ekzosi. Na kama mtu amemimina AdBlue kwenye tangi la dizeli, usiwashe hata swichi; shusha tangi, osha, anza upya.

25. Gari limekufa. Naweza kulivuta hadi mjini?

Chomoa propela shafti kwanza. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi, lakini magurudumu yanaizungusha giaboksi kutoka nyuma, na kilomita chache zinatosha kuiunguza. Kama upepo hakuna, jaza mfumo kutoka gari linalovuta au funga springi za busta kwa bolti zake (tazama swali la 13), kisha tumia chuma cha kuvutia badala ya kamba, kwa sababu gari unalovuta kwa wakati huo halina breki zake. Bolti ulizofunga usizisahau: zifunguliwe kabla gari halijarudi barabarani.